Mshono wa upasuaji wa uzazi: namna ya kuutunza ukiwa nyumbani

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mishono mingi niliyoiona ikirudi na usaha iliharibiwa na mapenzi: mama mkwe aliyekanda kwa nguvu, shangazi aliyenyunyiza unga wa kapsuli. Kwa hiyo mzazi asome haya pamoja na yule atakayemlea hadi arobaini.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka wodini
Uliza: nyuzi ni za kuyeyuka au za kutolewa? Bendeji ifunguliwe lini? Likitokea tatizo usiku, niende wapi? Majibu yaandikwe kwenye kadi, hata kama gari linakupigia honi nje.

Hatua ya 2: Kufungua bendeji
Mara nyingi hukaa saa 24 hadi 48, isipokuwa umeelekezwa vingine. Nawa kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama hakuna bomba, mtu akumiminie kwa kopo. Gozi ikiwa imegandia usiivute. Ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usubiri iachie yenyewe.

Hatua ya 3: Kuosha
Mara moja kwa siku, wakati wa kuoga. Acha maji na povu la sabuni ya kawaida vipite juu ya mshono, bila dodoki, na usiketi ndani ya beseni. Spiriti na Dettol viache kabatini, maana huunguza hata ngozi changa inayoota. Dawa ya meno na majivu sina hata haja ya kuvieleza.

Hatua ya 4: Kukausha
Hapa ndipo wengi hukosea. Mshono wa chini huwa umejificha kwenye mkunjo wa tumbo, na kwa joto la Dar es Salaam la Februari mkunjo huo hushinda umelowa jasho. Chukua kitambaa safi kilichopigwa pasi, ugusegusee tu, usifute. Kisha lala chali, inua mkunjo kwa mkono safi, hewa ipite kwa dakika 10 hivi. Mchana rudia. Mwenye tumbo kubwa anaweza kuweka gozi kavu kwenye mkunjo na kuibadilisha kila ikilowa. Chupi iwe ya pamba, na lastiki yake ipite juu zaidi ya mshono.

Hatua ya 5: Suala la kukandwa
Bibi atakwambia usipokandwa damu chafu itabaki tumboni. Mfuko wa uzazi husinyaa wenyewe, na kila mtoto anaponyonya unasinyaa zaidi. Tena ngozi iliyo karibu na mshono huwa na ganzi, kwa hiyo maji ya moto yanaweza kukubabua usijue. Mimi sigombani na bibi. Namwomba akande mgongo na mabega kwa maji ya uvuguvugu. Kazi yake anabaki nayo, na tumbo linasalimika.

Hatua ya 6: Kuinuka, kubeba, kula
Ukitaka kuamka geukia ubavu, teremsha miguu, halafu jisukume kwa mkono. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Kwa wiki 6 usibebe kizito kuliko mwanao. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hiyo mwachie baba. Lakini tembea kila siku, damu isigande miguuni. Mtori ni mzuri, ila peke yake hautoshi: ongeza mayai, dagaa na maharage. Nyuzi za kutolewa hutolewa kituoni kwa tarehe uliyopewa, si nyumbani kwa wembe.

Hatua ya 7: Kujua wakati wa kurudi
Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi sana. Gusa pembeni ya mshono kwa mgongo wa mkono: pakiwa pa moto, pagumu au panang'aa, na maumivu yanazidi badala ya kupungua, nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiona usaha, harufu mbaya, homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, uchafu wa ukeni unaonuka, pedi inayolowa chepechepe ndani ya saa moja, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Usipitie duka la dawa kununua vidonge vya kubahatisha. Haya yanaweza kutokea hata wiki ya tatu, wakati wageni wameshaacha kuja.

Mshono ukiachia, ufunike kwa gozi iliyolowanishwa na maji yaliyochemshwa yakapoa, lala, tafuteni usafiri. Usile wala kunywa njiani. Huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji.