Lushoto hadi Mtae kwa miguu: namna ya kulipanga kundi la marafiki

Anayechoka mapema ndiye atangulie. Mkilishika hili moja, hata mkisahau mengine yote nitakayoeleza, mtafika Mtae mkiwa bado marafiki.

Mimi ni muuguzi, naishi Tanga mjini, na katika kundi letu ndimi mshika fedha. Tulisoma pamoja sekondari. Leo kuna mwalimu, fundi cherehani, dereva wa lori, mama lishe wa Ngamiani na wengine wa maofisini. Tukipata likizo ya pamoja tunapanda milima ya Usambara Magharibi, kutoka mji wa Lushoto hadi kijiji cha Mtae, kwa sababu ni karibu, hatuhitaji mahema, na njia karibu yote inapita vijijini, mahali ambapo mtu anakula makande ya moto na kulala kitandani.

Makundi mengi hutembea kinyume na ninavyosema. Wenye nguvu hukimbilia mbele, wakifika juu ya kilima wanakaa kwenye mawe, wanakunywa maji, wanapiga picha. Yule wa mwisho anapofika akihema, wao wameshapoa na wanainuka kuondoka. Hivyo aliyechoka kuliko wote ndiye anayepumzika kidogo kuliko wote, na kwa kuona haya hasemi. Kufika saa nane mchana magoti yake hayamshiki tena, na mnateremka kwenye udongo unaoteleza.

Mpangilio wetu ni huu. Mbele kabisa yuko mwongozaji, anafuatiwa na yule mwenye pumzi fupi, kisha wengine wote. Nyuma kabisa anakaa mtu mwenye nguvu na subira, amebeba mfuko wa dawa, na hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake, hata wa kujisaidia. Kwetu kazi hiyo ni ya dereva wa lori. Mwendo unapimwa kwa mdomo: wa mbele akishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mnakwenda mbio. Kila baada ya saa moja pumzikeni dakika 10, na dakika hizo zianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapokaa chini.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei yaacheni kabisa. Udongo mwekundu wa kule ukilowa haukanyagiki, na barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni huweza kuzibwa na maporomoko. Juni hadi Septemba ni kukavu lakini kuna baridi, na Januari na Februari pia panafaa. Baridi msiidharau. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila mkipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Msitu wa Magamba unapita mita 2,000. Mtu wa Tanga aliyezoea kulala na feni atahitaji sweta zito, kofia ya kufunika masikio na soksi za kulalia, na mwezi wa Julai atazihitaji hata mchana ukungu unaposhuka.

Fedha zikusanywe mapema na zikae kwa mtu mmoja. Sisi tunachanga kidogo kidogo kwa simu kila mwezi, na mchango unafungwa wiki mbili kabla ya safari ili nijue tuko wangapi. Kwenye hesabu wekeni nauli, malazi, chakula, malipo ya mwongozaji, kibali cha msitu, na akiba ya dharura ambayo haiguswi kwa soda wala kwa zawadi. Kukiwa na rafiki ambaye mwaka huu mambo hayajamkalia vizuri, mshika fedha azungumze naye faraghani, apunguziwe au achangiwe, na jambo hilo lisifike kwenye kundi la WhatsApp. Mlimani mtu anayejiona mzigo hatasema amechoka, na hilo ni hatari ya kweli kwa afya yake. Noti bebeni za kutosha kutoka Lushoto. Mawakala wa simu wapo vijijini, ila si kila wakati wana fedha taslimu za kulitosha kundi zima.

Mwongozaji mpateni Lushoto mjini, na ajue Kisambaa na watu wa vijiji mtakavyopita. Kabla hamjapeana mikono kubalianeni waziwazi: chakula chake ni juu ya nani, malazi yake, nauli yake ya kurudi kutoka Mtae. Kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, lazima mlipie kibali, na raia hulipa kiwango kidogo kuliko mgeni wa nje, basi kila mtu awe na kitambulisho.

Sasa viatu, maana kazini kwangu nimeosha malengelenge mengi mno ya watu wenye viatu vya bei kubwa. Kiatu kipya hakipandi mlima. Raba ya mtumba yenye soli yenye meno, uliyokwisha kuivaa sokoni na kazini kwa mwezi mzima, ni bora kuliko buti lililotoka dukani jana. Kijaribuni jioni, wakati mguu umevimba kidogo, na kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, la sivyo kwenye mteremko kucha zitagonga hadi ziwe nyeusi. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla ya safari. Soksi ziwe jozi mbili kwa siku, mbadilishe mchana mnapokula, zilizolowa zining'inizwe nyuma ya begi. Ukisikia sehemu ya mguu inaunguza, simama hapo hapo na ubandike plasta. Usingoje kilele, usingoje kijiji. Lengelenge likishatoka msilipasue kwa pini. Lifunikeni kwa kitambaa safi na lipunguziwe msuguano. Yeboyebo bebeni za kuvaa jioni tu.

Begi la kila mtu lisipite kilo 7 au 8. Nguo za kulalia zitieni ndani ya kiroba cha unga kilichooshwa na kukauka, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Maji yawe lita 2 hadi 3 kwa mtu kwa siku, na vidonge vya kusafishia maji ya vijito. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, tende, kashata. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa suruali, na angalau wenzake wawili wajue iko wapi. Mwenye presha asikatishe vidonge kwa sababu yuko likizo.

Njia yenyewe sisi tunaigawa hivi. Siku ya kufika hatuanzi safari. Tunakwenda Irente, kama kilomita 6 kutoka Lushoto, kunyoosha miguu iliyokaa ndani ya basi. Ukingoni pale unaona Mazinde na mashamba ya katani chini kabisa, na nyika inayokwisha machoni. Shamba la Irente huuza mkate na jibini, na mkate huo ndio chakula chetu cha kesho yake. Matembezi haya mafupi yana kazi: hapo ndipo unamjua nani atangulie. Mtazameni anayenyamaza kwenye mpando.

Siku ya kwanza ya safari ni Lushoto hadi Lukozi kupitia msitu wa Magamba. Ondokeni saa moja asubuhi. Msituni tembeeni bila kelele na mtawaona mbega, weusi wenye mabega meupe, wakirukia tawi hadi tawi. Mama lishe wetu huwa haongei kabisa humo ndani, na ni mtu wa maneno mengi. Siku ya pili, Lukozi hadi Rangwi, ni ya mashamba: kabichi, karoti, viazi na maharage vimepandwa kwenye miinuko ambayo mtu wa pwani angedhani haishikiki. Rangwi kuna nyumba ya wageni ya masista. Pigeni simu kabla ili wajue mko wangapi, na wakati wa chakula mkaziheshimu taratibu zao. Siku ya tatu ni ndefu, kupitia Mambo hadi Mtae, na magoti ndiyo yanayofanya kazi. Kila mtu awe na fimbo imara inayomfika kiunoni, na kwenye mteremko hatua ziwe fupi, magoti yamekunjwa kidogo.

Vijijini simameni msalimie. Shikamoo inayotolewa huku mtu anaendelea kutembea si salamu, na wazee wa Kisambaa huuliza habari za huko mtokako kwa kutaka kujua kweli. Pasipo njia, ombeni ruhusa kabla ya kukanyaga shamba la mtu. Wanawake tufunge kanga juu ya suruali tunapoingia kijijini. Watoto wakiwaletea kinyonga kwenye kijiti, mwangalieni kwa furaha lakini msimlipie, kwani shilingi mia tano zenu za leo zitawakamatisha vinyonga wengine kesho. Mkitaka kutumia fedha, ulizeni siku ya gulio la karibu mkanunue matunda kwa aliyeyalima.

Na mpatane mapema kwamba kukatiza si aibu. Uzuri wa Usambara ni kwamba karibu kila kijiji kina barabara na bodaboda. Aliyeumia au kuchoka anapelekwa na mwenzake mmoja hadi mahali pa kulala, akiba ya dharura inalipa, na jioni wote mnakula pamoja. Kazi ya kuamua mpeni mtu mmoja kabla hamjaondoka nyumbani, maana watu waliochoka hubishana.

Mtae imekaa juu ya ukingo wa mlima, na upande wa kaskazini, chini kabisa, ni nyika ya Mkomazi. Ukungu ukiondoka mnaiona milima ya Upare. Jitahidini mfike kabla ya saa kumi jioni, muoge maji ya moto na mtie mafuta miguuni, maana mabasi ya kushuka huondoka kabla hakujapambazuka, na tiketi inafaa iulizwe jioni hiyo hiyo. Hesabu ya fedha mimi huisoma ndani ya basi, risiti mkononi, kabla hatujafika Mombo, kwa kuwa pale wengine hubadili gari kwenda Moshi na Arusha. Kilichobaki kwenye akiba hakigawanywi; kinafungua mchango wa mwaka unaofuata.