Kufundisha majira ya nukta kwa gemu ya maembe

Mwanafunzi akicheza gemu iliyotengenezwa na mtu mwingine, anaweza kushinda bila kufikiri hesabu yoyote. Akiitengeneza mwenyewe, hasogei hatua bila hesabu. Hapa anatengeneza gemu ya kudaka kwa kikapu maembe yanayoanguka, akitumia majira ya nukta, yaani namba mbili, x na y, zinazoonesha nukta ipo wapi. Scratch, programu ya bure ya kutengeneza gemu kwa kuunganisha bloku (vipande vya amri), iliyotoka mwaka 2007 katika chuo cha MIT huko Marekani, inafaa sana hapa kwa sababu jukwaa lake, yaani eneo gemu inapoonekana, ni grafu: x (kushoto kwenda kulia) huanzia -240 hadi 240, y (chini kwenda juu) huanzia -180 hadi 180, na (0, 0) ipo katikati kabisa.

Pakua toleo la kompyuta mara moja, liweke kwenye flashi, uliingize kwenye kila mashine. Baada ya hapo intaneti haihitajiki. Kwa Windows, linataka Windows 10 kwenda juu. Kompyuta kuukuu zitakubali toleo la 1.4, ila hilo halifungui kazi za toleo jipya, basi usichanganye matoleo hayo darasa moja. Kiswahili kimo, kichague kabla watoto hawajaingia.

Tenga vipindi viwili mfululizo. Dakika 15 za kwanza kompyuta zibaki zimezimwa. Chora mihimili, yaani mstari wa x na wa y, kwa chaki sakafuni, mwite mtoto asimame kwenye (3, -2). Wapo watakaoanza na y. Wasahihishe hapo hapo, wakiwa wamesimama. Kisha waketi wawiliwawili, watatu mwisho, wakipokezana kipanya kila dakika 8.

Wachore embe na kikapu. Kila mchoro ukae juu ya alama ndogo iliyo katikati ya ubao wa kuchorea. Embe likichorwa pembeni, kompyuta itasema lipo (0, 0) huku macho yanaliona kwingine, na somo lote litavurugika.

Kikapu kikae y -140. Mishale ya kulia na kushoto ibadili x kwa 10 na -10. Kazi kubwa ipo kwenye embe. Bendera ya kijani (ya kuanzisha gemu) ikibonyezwa, alama za mchezaji ziwe 0, embe liende y 170, na x iwe namba ya kubahatisha kati ya -200 na 200. Ndani ya bloku ya kurudia daima, ile ya rangi ya chungwa, y ipungue 5. Embe likigusa kikapu, alama iongezeke 1 na embe lirudi juu mahali papya. Y ikishuka chini ya -170, lirudi juu vilevile, bila alama.

Alama zikipanda kwa kasi ya ajabu, embe halijarudishwa juu baada ya kuguswa: mzunguko hurudiwa kama mara 30 kwa sekunde, na kila mara mguso unahesabiwa. Embe likiganda chini, yupo aliyeandika -250 badala ya -170. Scratch hairuhusu mhusika (mchoro unaosogea, kama embe) atoke jukwaani kabisa, kwa hiyo sharti hilo halitimii kamwe. Usimwambie jibu, mwoneshe namba ya y kwenye skrini, aitazame inavyogoma kushuka.

Mwishoni uliza: kutoka 170 hadi -140, kwa hatua za 5, ni mizunguko mingapi? Daftarini ni 62. Kwenye gemu ni pungufu, kwa sababu kingo hugusana kabla vitovu havijafikiana. Waache wabishane, kisha wapime urefu wa embe na kina cha kikapu.