Loji ya Freemason ifanyeje ionekane mtaani bila kuzua balaa

Tuongee ukweli, huku kwetu Freemason anajulikana zaidi kwenye nguzo za umeme kuliko kwenye jengo lake mwenyewe. Vile vikaratasi si mnavijua, "jiunge Freemason upate utajiri" na namba ya simu chini, ukipiga unaambiwa tuma kwanza hela ya fomu, ukituma unaambiwa bado ya usajili, mpaka uishiwe. Loji, yaani vile vikundi vyao vya kila eneo, zimekaa kimya miaka nenda rudi na tapeli kajipa kazi ya usemaji. Kwahiyo kama umekabidhiwa mambo ya jamii kwenye loji yenu usikimbilie kwenye misaada, anza na hili.

Semeni yale ambayo sio siri. Na mengi sio siri, majengo yenyewe yako barabarani kabisa, la Dar lipo Sokoine Drive, la Nairobi lipo Nyerere Road, watu wanapita kila siku wanajisemea yao. Wekeni maelezo mtandaoni na pale getini, kwa Kiswahili, sio kile Kiingereza cha mwaka arobaini na saba: nyie ni kina nani, mko chini ya nani (loji nyingi za huku ziko chini ya Loji Kuu ya Uingereza, na wilaya yao ya Afrika Mashariki inabeba Kenya, Uganda, Tanzania na Shelisheli), mtu anaombaje, kwamba lazima awe anamwamini Mungu kwa dini yake, kwamba kuna ada na ni yeye anayelipa, halipwi. Na kwamba hakuna anayesajiliwa kwa simu. Hiyo andikeni kwa herufi kubwa.

Halafu awepo mtu mwenye sura na jina. Mzee Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, aliongoza Freemason wa Afrika Mashariki miaka mingi na hakujificha, alikuwa anakaa na waandishi anaulizwa anajibu. Walioamini wakaamini, wasioamini wakabaki na yao, ila ilijulikana ukiwa na swali unampelekea nani.

Sasa misaada. Wenzenu wa Essex, Uingereza, walianza 2001 kupeleka wanasesere wa dubu hospitalini, mtoto akifika dharura analia nesi anampa dubu anatulia kidogo, na huyo dubu anaondoka nae nyumbani. Kitu kidogo lakini hakikatiki, na anayekitoa ni nesi, sio mzee wa loji mwenye suti na kamera. Marekani kuna Shriners, wale wa kofia nyekundu wanaoendesha vigari vidogo kwenye maandamano ya sherehe, hao hospitali yao ya kwanza ya watoto waliifungua 1922 Shreveport, na huwezi kuwa Shriner kabla hujawa Freemason.

Ila msikopi kila kitu jamani. Marekani loji zina mpango wa kuchukua alama za vidole vya watoto na kuwapa wazazi wazitunze, mtoto akipotea polisi wapate pa kuanzia. Wazo zuri sana, lakini nenda kafanye hivyo shule ya msingi Mbagala na fulana ya Freemason uone kama utatoka salama. Kuchangia damu pia, pamoja na kwamba hospitali zinaihitaji kweli, msiweke bango lenu hapo, mnajua wenyewe watu watasema nini. Nendeni mkachangie kama raia wengine, mnywe soda, mrudi nyumbani.

Kwa huku vitu vinavyofaa ni matundu ya vyoo, madawati, kisima, miwani ya wazee. Pitieni ofisi ya serikali ya mtaa na kamati ya shule, na jitambulisheni siku ya kwanza kabisa kwamba sisi ni Freemason, mkikataa hatununi. Msifiche mkidhani mnarahisisha mambo, maana ikija kujulikana baadae hampati shida nyie, anapata mwalimu mkuu, ndiye atakayeulizwa kanisani na msikitini alikula shilingi ngapi. Kibao kiwe kidogo, risiti zote ziachwe shuleni, hela taslimu msimpe mtoto hata mmoja na picha za watoto acheni. Na mwakani mrudi kuangalia kama milango ya vyoo bado ipo, hapo ndipo wengi wanafeli.

Mwisho, fungueni mlango. Jengo kubwa la London pale Great Queen Street lina makumbusho na watu wanatembezwa ndani, hakuna aliyekufa. Nyie waiteni kwanza majirani, mama ntilie wa nje, bodaboda wa kijiweni, walinzi, shehe na mchungaji wa jirani, ndio waandishi wafuate. Waone ile sakafu ya miraba nyeusi na nyeupe, waone Kurani na Biblia zinazotumika humo, waulize kuhusu mbuzi na nyoka mpaka wachoke. Chumba kikifungwa semeni kwanini kimefungwa. Wakiuliza siri zenyewe ni zipi jibuni tu kwamba ni njia zetu za kutambuana na hatuzisemi, msianze kucheka cheka, mkicheka hapo mmeharibu siku nzima.

Na vile vikaratasi vya nguzoni vipigeni picha na namba zake, pelekeni polisi, mkitoka huko tangazeni kwamba mmepeleka.