Namna ya kuandaa kiwango cha uanagenzi kwa kuruta wa JKT

Kiwango cha uanagenzi ni maelezo ya maandishi yanayosema mtu aliyemaliza kujifunza kazi fulani anapaswa aweze kufanya nini, kwa ubora upi, na ni nani atakayethibitisha hivyo. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, halijawahi kukosa kazi ya kumfundishia kijana, kwa kuwa kuna mashamba, karakana na miradi ya ujenzi ya SUMAJKT, shirika lake la uzalishaji mali lililoundwa mwaka 1981. Kazi iliyobaki ni kumpa kijana anayerudi nyumbani karatasi ambayo mkandarasi wa Mbeya au Tanga akiisoma atajua mara moja kama mtu huyu anaweza kuachiwa ukuta peke yake, au bado anahitaji fundi wa kumsimamia. Nitaeleza namna ya kuandaa kiwango kitakachozaa karatasi hiyo, na mfano wangu utakuwa uashi.

Amua kwanza kiwango ni cha nani. Vijana wa mujibu wa sheria, yaani wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa JKT kwa lazima, ambao utaratibu wao ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, hukaa kambini miezi michache tu, na hakuna mwashi anayepatikana kwa muda huo; kuwaandikia kiwango ni kuwaahidi kitu kisichowezekana. Kiwango kiandikwe kwa ajili ya vijana wa kujitolea, ambao mkataba wao ni wa miaka miwili. Hata hiyo miaka miwili usiihesabu yote. Ondoa mafunzo ya awali ya kijeshi, ondoa lindo, fatiki (kazi za mikono za kambini) na msimu wa shamba, kisha uhesabu saa zinazobaki kwa kutumia ratiba halisi ya kikosi kimoja, wala si ratiba iliyobandikwa ukutani. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama unaweza kulenga ngazi ya kwanza ya tuzo za ufundi stadi za VETA, mamlaka ya taifa ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, au ya pili, na ni afadhali kulenga ngazi ya chini na kuifikia.

Hatua inayofuata ni kuunda jopo la kuchambua kazi. Waite mafundi wanane hadi kumi na wawili ambao mikono yao bado inashika mwiko, uwaketishe siku mbili au tatu, na uwaombe wataje kila jambo wanalolifanya tangu wanapofika eneo la ujenzi asubuhi hadi wanapoosha vifaa jioni. Nusu ya viti iwe ya raia, yaani mafundi na wasimamizi kutoka kwa wakandarasi wa kawaida, pamoja na mtu wa VETA anayejua mfumo wa mafunzo yanayozingatia umahiri. Nasisitiza jambo hili kwa sababu jeshi likijiandikia kiwango peke yake litaeleza kazi kama inavyofanyika jeshini, hali vijana wengi watakwenda kuitafuta kazi hiyo uraiani. Uingereza, baada ya ripoti ya Doug Richard ya mwaka 2012 kuhusu uanagenzi, ilihamia kwenye viwango vifupi vinavyoandikwa na makundi ya waajiri wenyewe, vikitaja maarifa, stadi na mwenendo. Ufupi huo unafaa kuigwa. Vilevile, afisa mwandamizi afungue kikao kisha aondoke, maana koplo fundi hatasema mbele ya mkuu wake kwamba zege la jengo fulani lilichanganywa vibaya, na maneno ya namna hiyo ndiyo jopo linayoyahitaji.

Katika kuandika, kataa kila sentensi isiyopimika. “Kijana aelewe ujenzi wa ukuta” haimsaidii mwalimu wala mtahini. Andika kwamba kijana anapanga kona ya ukuta wa matofali ya saruji ya inchi sita, kozi sita kwenda juu, kwa kutumia kamba, pimamaji na timazi, akiwa peke yake na ndani ya muda uliowekwa. Kisha mtazame mtahini akifanya kazi yake: anashusha timazi kutoka tofali la juu, anasubiri risasi itulie, anapima nafasi kati ya uzi na tofali juu, katikati na chini. Jopo lazima liseme ni milimita ngapi za tofauti zinavumilika na ni ngapi zinamrudisha kijana nyuma. Lisiposema, kila mtahini atakuwa na kipimo chake, na cheti cha kikosi cha Oljoro hakitakuwa sawa na cha kikosi cha Mlale.

Sehemu ya mwenendo ina kishawishi chake. Kwa kuwa kambi imejaa nidhamu, ni rahisi kujaza saa za uanagenzi kwa kwata na mchakamchaka na kuziita mafunzo ya tabia ya kazi. Mafunzo hayo yana thamani yake, lakini saa zake zihesabiwe mahali pake. Kiwango cha uashi kitaje kuvaa kofia na viatu vya usalama, kutunza vifaa, kutopoteza saruji, na kuwa na ujasiri wa kumwambia msimamizi kwamba msingi haujanyooka. Hili la mwisho lifundishwe kwa makusudi, kwa sababu kuruta amezoea kujibu “ndiyo, afande” hata pale anapoona kosa kwa macho yake.

Kila kijana awe na daftari la kazi linalosainiwa siku ileile na fundi aliyekuwa naye. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi ya tanzanite ya Mirerani, uliojengwa na vijana wa JKT pamoja na Jeshi la Wananchi (JWTZ). Kazi kubwa kama ile ni darasa zima la uashi, na kila siku yake inaweza kuhesabiwa kuwa siku ya mafunzo endapo imeandikwa: kijana alifanya nini, kwa kiasi gani, nani alimwelekeza, kosa lilikuwa wapi.

Mtihani wa mwisho usisimamiwe na mtu aliye katika safu ya amri ya kijana. Mtahini atoke VETA au kikosi kingine, na afisa wa kambi asiwe na uwezo wa kubadili alama.

Kabla ya kusambaza kiwango nchi nzima, kijaribu katika kikosi kimoja kwa kundi moja, hadi mkataba wao uishe. Chukua namba za simu za vijana kabla hawajaondoka. Baada ya miezi sita wapigie wao pamoja na waliowaajiri, uliza ni kazi ipi walishindwa kuifanya siku ya kwanza, kisha uitishe jopo lilelile na kulisomea majibu hayo moja baada ya jingine kabla ya kugusa hata mstari mmoja wa rasimu.