Kufuatilia mauzo ya komiki za mashujaa mwezi kwa mwezi: hesabu Jumatano kwanza

Mpwa wangu anasoma takwimu mwaka wa tatu. Kwa kazi yake ya mwisho amechagua kitu anachokipenda tangu utotoni, mauzo ya komiki za Marekani: Batman, Spider-Man, X-Men na wenzao. Jumamosi moja akanitumia picha ya grafu kwenye simu. "Shikamoo mjomba. Mbona mauzo yanapanda na kushuka hivi? Watu wanaacha kusoma halafu wanarudi?" Mstari wake ulikuwa na meno kama msumeno. Nilimjibu marahaba, kisha nikamuuliza kama amehesabu Jumatano. Hakuwa amehesabu.

Hatua zifuatazo ndizo tulizopita pamoja. Nimeziandika kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii yanaruka hatua ya tatu, na hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Pata takwimu

Nenda Comichron, tovuti na hazina ya John Jackson Miller, aliyekusanya orodha za mauzo kwa miaka mingi. Chukua Januari 2015 hadi Desemba 2019, miezi 60. Nakili jumla ya mwezi, kisha kwa kila mwezi nakala za komiki iliyoshika nafasi ya 1, ya 100 na ya 300. Ziandike kwa mkono. Mistari 60 si mingi, na mkono utaona mambo ambayo programu ya kunyonya data haitakuambia. Mimi natumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali. Kwa kazi ya ukubwa huu sioni sababu ya kuandika msimbo.

Hatua ya 2: Jua unachokishika

Namba hizi ni oda za maduka ya komiki kwa msambazaji. Hazituambii wasomaji walinunua ngapi. Duka likiagiza nakala 40 na kuuza 25, orodha inaandika 40, na kwa kawaida duka hilo halirudishi zile 15. Nakala za kidijitali hazimo.

Kuanzia 1997, Marvel, mchapishaji wa Spider-Man na X-Men, iliporudi kwa msambazaji Diamond baada ya jaribio lake la kujisambazia, karibu biashara yote ya maduka haya ilipita kwenye mlango mmoja. Ndiyo maana orodha ya Diamond ina thamani kubwa kwa kipindi chetu. Lakini Diamond haikuwa ikitangaza idadi ya nakala. Ilitangaza kielezo, Batman akiwa 100. Komiki yenye kielezo cha 85 ilikuwa na oda sawa na asilimia 85 ya oda za Batman mwezi huo. Watafiti ndio waliotafuta idadi ya Batman, wakazidisha. Kwa hiyo usilinganishe kielezo cha Machi na cha Aprili, maana Batman mwenyewe anapanda na kushuka. Linganisha nakala. Na ukienda nyuma zaidi, kumbuka kwamba kabla ya mabadiliko ya 2003 orodha zilihesabu oda za awali, si zile za mwisho.

Hatua ya 3: Hesabu Jumatano

Hapa tulimaliza siku nzima.

Kwa kipindi hiki komiki mpya ziliingia madukani kila Jumatano. Mwezi wenye Jumatano tano una wiki tano za bidhaa mpya, na mwezi wenye nne una nne. Hiyo ni tofauti ya robo nzima kabla msomaji yeyote hajabadili tabia yake. Meno ya msumeno kwenye grafu ya mpwa wangu yalikuwa kalenda.

Usidhani kulinganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita kutakuokoa. Agosti 2018 ilikuwa na Jumatano tano: tarehe 1, 8, 15, 22 na 29. Agosti 2019 ilikuwa na nne. Julai ni kinyume chake: nne mwaka 2018, tano mwaka 2019. Mtu asiyejua hili ataandika kwamba Julai iling'ara na Agosti ikafa, na atatafuta sababu kwenye hadithi.

Chukua mfano wa kubuni. Mwezi wa Jumatano tano una nakala 8,000,000, na mwezi wa Jumatano nne una 6,600,000. Ukilinganisha jumla, mauzo yameanguka kwa asilimia 17.5. Ukigawa kwa Jumatano unapata 1,600,000 na 1,650,000 kwa wiki, yaani yamepanda kwa asilimia 3.1. Namba ni zilezile, habari ni kinyume.

Fomula ni hii. Tarehe ya kwanza ya mwezi ikiwa kwenye seli A2, andika:

=NETWORKDAYS.INTL(A2;EOMONTH(A2;0);"1101111")

Zile tarakimu saba ni siku za wiki kuanzia Jumatatu. Moja maana yake ruka, sifuri maana yake hesabu, na sifuri yetu iko nafasi ya tatu, Jumatano. Kompyuta nyingine zinataka mkato badala ya nukta-mkato kati ya vipande vya fomula. Ukiona kosa, jaribu hilo kwanza.

Sasa mtego uliotula muda wa saa nne. Mpwa wangu aliandika tarehe kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi ukitangulia: 8/1/2018 kwa Agosti mosi. Kompyuta yake imewekwa kwa mtindo wetu, siku kwanza. Ikasoma 8 Januari. Fomula ikahesabu Jumatano kuanzia 8 Januari hadi 31 Januari, ikatoa 4. Nne ni jibu linaloonekana la kweli kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kila mwezi wa mwaka ulikuwa umegeuzwa Januari. Januari, Februari na Machi zikapata 5, Aprili hadi Oktoba zikapata 4, na nilipoona Novemba na Desemba zina 3 ndipo nikasimama. Hakuna mwezi wenye Jumatano tatu.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Andika tarehe kwa mtindo wa 2018-08-01, usiobishaniwa na kompyuta yoyote. Kisha jumlisha Jumatano za mwaka mzima. Lazima upate 52, na miaka michache 53. Sisi tulikuwa na 49 kwa 2018 na hatukuangalia. Hiki cha pili usikiache hata kama una haraka.

Bado kuna mambo matatu kuhusu Jumatano:

Komiki iliyotoka Jumatano ya mwisho wa mwezi haina muda wa kuagizwa tena ndani ya mwezi huo. Powers of X namba 1 ilitoka tarehe 31 Julai 2019. Oda zozote za nyongeza baada ya siku hiyo zinahesabiwa Agosti. Ukifuatilia toleo moja, jumlisha angalau miezi miwili.

Wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya huwa na bidhaa chache. Mimi huihesabu kama wiki kamili, ila naweka alama kwenye seli ili nisije nikaishangaa Desemba.

Mwaka 2020 DC, mchapishaji wa Batman, ilihamia Jumanne, na ikabaki huko hadi 2024. Kwa komiki zake za kipindi hicho sifuri ihamie nafasi ya pili: "1011111".

Hatua ya 4: Shughulikia vilele

Januari 2015 Star Wars namba 1 ya Marvel iliagizwa karibu nakala milioni moja, ikiwa na majalada mbadala kwa makumi. Februari 2015 aliyekaa juu kabisa hakuwa shujaa yeyote. Ilikuwa Orphan Black namba 1, karibu nusu milioni, kwa sababu iliwekwa ndani ya masanduku ya Loot Crate yaliyotumwa kwa wanachama. Action Comics namba 1000 ya Aprili 2018 ni kilele kingine. Duka huweza kuagiza nakala 25 za jalada la kawaida ili lipewe moja ya jalada adimu, na zile 25 zote zinaingia kwenye orodha.

Usizifute namba hizi. Zilitokea. Lakini usiruhusu nafasi ya 1 ikusimulie afya ya soko. Mimi naiamini nafasi ya 100. Haina sherehe, haina jalada la dhahabu. Ni mfululizo wa kawaida unaoagizwa na duka la kawaida kwa wateja wanaorudi. Nafasi ya 300 nayo inafaa, ila mwezi wa Jumatano tano una matoleo mengi zaidi na huisukuma juu, kwa hiyo linganisha miezi ya Jumatano nne yenyewe kwa yenyewe, na ya Jumatano tano vivyo hivyo.

Kwa mfululizo mmoja, anza mstari wako kwenye toleo la 3. La kwanza limejaa majalada, na la pili maduka huliagiza kabla ya kujua la kwanza liliuzikaje.

Hatua ya 5: Kata mstari 2020

Tulisimama Desemba 2019 kwa makusudi. Aprili 2020 Diamond haikusambaza komiki mpya kwa sababu ya Korona. Ilirudi tarehe 20 Mei. Juni mwaka huo DC ikatangaza kuiacha Diamond, na Oktoba 2021 Marvel ikahamia kwa msambazaji mwingine, Penguin Random House. Orodha ya Diamond baada ya hapo ni ya mlango mmoja kati ya kadhaa. Januari 2025 kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ukiunganisha 2019 na 2021 kwa mstari mmoja utakuwa umechora kuhama kwa wachapishaji ukakuita kushuka kwa wasomaji. Acha pengo jeupe, na upande wa pili uanze na rangi nyingine.

Hatua ya 6: Chora

Mstari mwembamba wa kijivu kwa nakala kwa Jumatano, na mstari mnene wa wastani wa miezi 12 juu yake. Mhimili wima uanze sifuri. Chini ya grafu andika: "Makadirio ya nakala zilizoagizwa na maduka, kwa wiki ya mauzo." Mpwa wangu alitaka kuandika "zilizosomwa". Tulibishana kidogo, kisha akafuta mwenyewe.