Redmine: kuomba ruhusa na kuunganisha tiketi za hitilafu na nyaraka zake

Ukiandika #1530 ndani ya maelezo ya tiketi (rekodi ya tatizo au kazi), Redmine, programu ya kufuatilia kazi, huigeuza namba hiyo kuwa kiungo cha kubofya. Wengi huishia hapo wakidhani wameshaunganisha. Mfumo hauhesabu hilo kuwa uhusiano: hautamzuia mtu kufunga tiketi mapema, wala hautaifunga ile iliyorudiwa. Uhusiano wenyewe una ruhusa yake.

Kuomba ruhusa

Fungua tiketi ya mradi wako, utazame "Related issues" chini ya maelezo. Ukikosa "Add", huna ruhusa. Hilo huwapata hasa walio na nafasi ya Reporter: kwa mipangilio ya awali hawana "Manage issue relations", ilhali Developer na Manager wanayo. Mwandikie msimamizi wa mfumo jina lako la kuingilia, jina la mradi na jina kamili la ruhusa hiyo. Akiiongeza kwa Reporter, wataipata Reporter wote, hivyo huenda akaona heri akubadilishie nafasi kwenye mradi huo mmoja tu. Ni sawa, kubali.

Kama tiketi ziko kwenye miradi miwili tofauti, omba pia awashe uhusiano wa kuvuka miradi. Huwa umezimwa mwanzoni.

Kuunganisha

Chukua tiketi 1523, "Tawi halina intaneti", na 1530, "Kubadilisha swichi ya ghorofa ya 2". Tawi halitapata intaneti mpaka swichi ibadilishwe.

1. Fungua 1523, bofya "Add".
2. Chagua "Blocked by". Ukichagua "Blocks" umegeuza mambo: fundi wa swichi ndiye atakayeshindwa kufunga kazi yake. Hapa ndipo watu hukosea kuliko popote.
3. Andika 1530, uhifadhi.

Sasa fungua 1523 kuihariri, uangalie orodha ya hali. Zile za kufunga hazimo, na hazitarudi mpaka 1530 ifungwe.

Kwa malalamiko yaliyorudiwa, ingia kwenye tiketi ya pili, uchague "Is duplicate of" na namba ya ile ya kwanza. Ya kwanza ikifungwa, ya pili hufungwa yenyewe. Kinyume chake hakitokei. "Related to" haina nguvu yoyote, ni kumbukumbu tu. "Precedes" na "Follows" zitumie kwa tahadhari kwa sababu husogeza tarehe za kuanza.

Ukikataliwa kwa sababu ya mzunguko, fuata mnyororo: A inasubiri B, B inasubiri C, na C tayari inasubiri A. Futa kiungo kimoja. Tiketi pia haiunganishwi na tiketi ndogo iliyo chini yake.

Nyaraka

Kuunganisha faili, andika attachment:ripoti.pdf ndani ya maelezo ya tiketi, lakini kumbuka hufanya kazi kwa kiambatisho cha tiketi hiyohiyo tu. Mchoro wa mtandao unaohitajiwa na tiketi nyingi uweke kwenye "Documents" za mradi, kisha uutaje popote kwa document#17, yaani namba iliyo mwishoni mwa anwani yake.

Kikomo cha awali cha faili ni MB 5. Hata hivyo, Redmine ikiwa nyuma ya nginx (programu ya seva inayopokea maombi kabla ya Redmine), faili ya MB 3 inaweza kugoma kwa kosa 413, yaani faili ni kubwa mno, maana nginx isiporekebishwa huishia MB 1. Msimamizi aongeze client_max_body_size kwenye mipangilio ya nginx. Kuongeza kikomo ndani ya Redmine hakutasaidia.