SOMO: Kumlea Boerboel, kuanzia siku anayoingia getini

Wadau, swali linaloulizwa kuliko yote kuhusu Boerboel ni namna ya kumfanya awe mkali. Ukali huyu mbwa kazaliwa nao. Asichokuwa nacho, na hatajifundisha mwenyewe, ni breki, na breki hizo unamfungia wewe kabla hajawa mkubwa kukushinda nguvu.

Mjue kwanza. Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Makaburu, Afrika Kusini. Alitakiwa kulinda watoto, mifugo na nyumba iliyo mbali na majirani, na kuamua la kufanya hata kama bwana wake hayupo. Mababu zake ni mbwa wakubwa walioletwa Rasi ya Tumaini Jema tangu enzi za Jan van Riebeeck, kiongozi wa walowezi wa Kiholanzi, 1652, wakachanganyika na wengine waliokuja baadaye na walowezi wa Kiingereza. Wafugaji waliunda chama chao 1983 huko Senekal, Free State. Dume husimama sm 61 hadi 69 begani, jike sm 56 hadi 64, na mbwa mzima kufika kilo 70 au zaidi ni jambo la kawaida. Huishi miaka 9 hadi 11 hivi.

Huko kuamua mwenyewe ndiko tunakokuita ukaidi. Ukimwita anasimama kwanza, anakutazama, anapima kama umemaanisha. Kwa watu wa nyumbani lakini ni mpole hadi kero: anakuegemea na uzito wake wote na kulala juu ya miguu yako.

Hatua ya 1: Kununua

Mitaani kila mbwa wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kikubwa anauzwa kwa jina la Boerboel. Nenda nyumbani kwa mfugaji ukamwone mama akiwa na watoto wake. Mama akikurukia kwa hasira huku mwenye naye anashindwa kumtuliza, rudi nyumbani na hela yako. Ulizia picha za eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi, maana ulemavu wa viungo hivyo unarithiwa. Mtoto asichukuliwe kabla ya wiki 8, hata kama muuzaji anasema ameshaanza kula ugali.

Hatua ya 2: Chanjo, minyoo na kupe

Chanjo ya parvo na distemper, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kwenye wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi 3, kisha kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo mpe kila mwezi hadi miezi 6, baadaye kila miezi 3.

Kwa hali ya hewa yetu, kupe ndiye adui mkubwa. Mkague masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ukiona fizi zimepauka, hataki kula, au mkojo umekuwa wa kahawia, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Mbwa anajilamba, sumu inaingia tumboni.

Hatua ya 3: Chakula

Hapa ndipo wengi tunawaharibu. Mtoto wa mbwa mkubwa hatakiwi kunenepa haraka, kwa sababu uzito unatangulia kabla mifupa na viungo havijakomaa. Boerboel hukua hadi karibu miaka 2. Ukipitisha kiganja ubavuni mwake bila kukandamiza, unapaswa kuzihisi mbavu. Ukimtazama kutoka juu, uone kiuno. Kama ameviringana kama pipa akiwa na miezi mitano, punguza chakula hata jirani akisema unamnyima.

Chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa ndicho rahisi kupima, na ukikitumia usiongeze vidonge vya kalsiamu. Kalsiamu ikizidi inaharibu mifupa vilevile kama ikipungua. Ukipika mwenyewe, ugali na nyama tupu havitoshi, vina kalsiamu kidogo mno. Dagaa wazima wanasaidia, lakini mpango mzima wa mlo upitishe kwa daktari. Mifupa iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti visimfikie.

Halafu kuna suala la dona. Mahindi yaliyoota ukungu tunayaita "chakula cha mbwa" na kuona tumeokoa hela. Sumukuvu iliyomo inaua ini la mbwa kama inavyoua la binadamu, na kupika hakuiondoi. Unga usioweza kumpa mwanao, usimpe mbwa.

Mgawie mara 3 au 4 kwa siku akiwa mdogo, mara 2 akishapita miezi 6. Akimaliza kula apumzike, asikimbizwe. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujizungusha. Tumbo linavimba na kukaza, anajaribu kutapika hakitoki kitu, hatulii. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni kumkimbiza kwa daktari saa hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Breki

Anza siku ya kwanza. Kabla ya wiki 14 aone watu wa kila aina: mzee mwenye fimbo, mtu wa bodaboda na helmeti yake, wanawake wenye mabuibui, watoto wanaopiga kelele. Mpaka chanjo zikamilike, mbebe au mkae naye barazani atazame. Hatapoteza ulinzi wake kwa kuwazoea. Mbwa anayejua mambo ya kawaida ndiye anayetambua lisilo la kawaida.

Nyumba nzima itumie neno moja. Baba anasema "kaa", dada wa kazi "keti", mtoto "sit", halafu mnasema mbwa hasikii!

Zoezi la geti ndilo muhimu kuliko yote. Mvalishe ukosi na kamba, simama naye hatua chache kutoka getini, mtu abishe hodi kutoka nje. Mwache abweke mara mbili tatu, hiyo ndiyo kazi yake. Sema "basi" kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma hatua moja, subiri. Akikaa, mpe kipande cha ini, ndipo geti lianze kufunguliwa. Akiinuka, geti linafungwa tena. Usimvute, usimpigie kelele, wala usimchape. Dakika tano kila siku, kwa miezi. Kati ya miezi 10 na 18 atajifanya amesahau yote. Rudia kwa utulivu uleule.

Kumlisha pilipili, kumfungia gizani, kuwatuma vijana wamchokoze kwa fimbo, hayo yanazaa mbwa mwoga anayeuma hovyo, na wa kwanza kuumwa ni mtoto wa nyumbani. Mnyororo wa kutwa nzima nao ni hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Banda na mazoezi

Kivuli, maji muda wote, na chaga za mbao juu ya saruji. Mbwa mzito akilala kwenye sakafu tupu viwiko vinaota sugu, mara nyingine vinavimba maji. Mtembeze alfajiri na jioni. Jua la saa sita la Dar linaweza kumuua. Manyoya ni mafupi, brashi mara moja kwa wiki inatosha.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, wangu ana miezi 7, anachechemea mguu wa mbele, wiki iliyopita ulikuwa wa nyuma. Nimpe diclofenac?*

Hapana! Diclofenac, ibuprofen na Panadol vya binadamu vinaweza kumtoboa tumbo au kumharibu figo na ini. Maumivu yanayohama mguu kwa umri huo mara nyingi ni ya mifupa inayokua na hupita, lakini kiwiko kibovu nacho huanza hivyo hivyo. Apigwe eksirei. Wakati huo, kuruka na ngazi marufuku.

*Mimi nipo Tanga, ni Muislamu, nataka mbwa wa ulinzi. Huyu ananifaa?*

Suala la dini muulize sheikh wako. Mbwa wa kuwinda, mifugo na shamba wametajwa kwenye hadithi. Kwa upande wangu: jenga banda mbali na mlango wa nyumba, vyombo vyake viwe peke yake, na awepo mtu mmoja wa kumhudumia. Ila Boerboel anataka watu. Kama hakuna atakayekaa naye kila siku, tafuta mbwa mwingine.

*Amemng'ata kijana wa maji, jeraha dogo tu. Mbwa ana chanjo. Tuache?*

Msiache. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali leo leo, na cheti cha chanjo mwende nacho. Gharama ni zako, usibishane na kijana wa watu. Kisha rudi hatua ya 4.

*Nahamia Denmark mwakani, naweza kwenda naye?*

Huwezi. Boerboel ni kati ya aina 13 zilizopigwa marufuku huko tangu 2010. Anza sasa kumtafutia mtu anayemfahamu na anayempenda.

*Nina dume wa miaka 4, nataka kuongeza dume wa pili ili walinde kwa zamu.*

Wataheshimiana mpaka mdogo akomae, halafu siku moja utawaachanisha kwa maji ya ndoo. Chukua jike, umfunge kizazi kama hutaki watoto, au baki na huyo mmoja.